Kopo la Kwanza la Baba Ashiru

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nikicheka. Nilikuwa kwenye arobaini ya marehemu mjomba wake Ziada, hapa hapa Kitangari, nacheka mpaka machozi yananitoka. Kama ningejua ndicho kicheko changu cha mwisho kwa mwaka huu, ningekitafuna polepole.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia karanga, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Severina, Mama Pendo. Natengeneza mafuta ya midomo nyumbani, mimi na jirani yangu Ziada, Mama Ashiru. Mafuta ya ufuta tunakamua wenyewe, nyonyo tunachuma nyuma ya nyumba, na mchaichai tunatia kwa ajili ya harufu. Kila kikopo kina karatasi iliyoandikwa MIMEA MITUPU. Kipupwe kikipuliza huku Newala hakuna mdomo unaosalimika, kwa hiyo watu walituchangamkia.

Tatizo lilikuwa moja tu: mafuta ya mimea hayagandi. Mzigo wetu wa kwanza ulifika sokoni Masasi umekuwa uji. Mtani wangu Fikirini, ndiye anayetuuzia kule, alinipigia simu akauliza kama auze kwa kijiko. Mwalimu wa semina ya wajasiriamali tuliyohudhuria alikuwa ametuelekeza tutafute nta ya mimea huko Dar. Sikuipata. Nikamwambia Ziada nimeipata.

Nilichopata ni masalia ya mishumaa ya altareni. Mimi ndiye ninayefagia kanisa letu kila Jumamosi, na vile vipande vinavyobaki huwekwa kwenye debe mpaka virudishwe parokiani. Nilichukua kimoja. Mafuta yakaganda vizuri ajabu. Nikachukua vingine. Kuyeyusha nikawa nayeyusha peke yangu, mlango nimefunga, nikimwambia Ziada hiyo ni siri ya kazi. Naye akaridhika, maana Ziada akikupenda haulizi mara mbili.

Basi. Pale kwenye arobaini Fikirini, ambaye ni Mmakua, na sisi Wamakonde ni watani zake, akasimama karibu na masufuria ya pilau akapaza sauti: "Jamani, msiwasogelee wanawake hawa! Midomo yao inang'aa kwa mafuta ya nguruwe!"

Ukitaniwa hununi. Unajibu, tena unajibu kwa jambo kubwa zaidi. Nikasimama, mkono kiunoni, nikasema: "Ya nguruwe kweli, tena dume! Nimemchinja mwenyewe, nikamkaanga, na nyinyi wote mmeshajipaka!"

Watu waliangua kicheko. Hata shehe alificha uso. Lakini palikuwa na mgeni mmoja, binti kutoka mbali asiyejua mambo ya watani, na simu yake ilikuwa juu.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni.

Jumatatu nilikwenda bombani. Maji yalikuwa yametoka baada ya siku nne, na kwetu maji yakitoka hakuna anayenuniana na mtu. Watu hupanga ndoo na kupiga soga. Nikaweka ndoo yangu kwenye foleni. Mama wa mbele akaisogeza yake mbele. Wa nyuma akaivuta yake nyuma. Ndoo yangu ikabaki peke yake katikati.

"Kuna nini jamani?"

Yasinta, ninayeimba naye kwaya, akanionea huruma. Akatoa simu, akabonyeza. Sauti yangu ikatoka humo, nene, imejaa furaha: "Ya nguruwe kweli, tena dume!"

"Ah! Hiyo si ya kwenye arobaini? Fikirini alikuwa ananitania!"

"Fikirini hayumo humu, Mama Pendo," Yasinta akasema. "Imeanzia kwako na imeishia kwako. Iko mpaka Masasi. Shangazi yangu yuko Mtwara, naye ameipata."

Nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Mlangoni nikakuta vikopo vimerundikwa, vingine vimekombwa mpaka chini. Nimegundua kitu kuhusu binadamu: waliokomba ndio waliokuwa na hasira zaidi.

Jumanne Fikirini alipanda na pikipiki kutoka Masasi. Hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Mtani," alisema bado kofia ngumu ikiwa kichwani, "mimi mwenyewe ni Mwislamu. Wananiuliza sokoni, wewe uliyeuza, ulijua? Nawaambia ni utani. Wananiangalia hivi."

"Twende ukawaambie na hapa."

"Ndicho kilichonileta."

Jumatano tukakaa uwanjani kwa Ziada. Mumewe Abdulrazaki, Baba Ashiru, ndiye aliyeita watu. Ni mtu mpole, wa safu ya mbele msikitini, na siku zote aliyasifia mafuta yetu. Kopo la kwanza kabisa lililoganda, la siku ile niliyopika kwa haraka, Ziada alimpa yeye. Analo mpaka leo, anachota kidogo kidogo akitaka kutoka.

Fikirini akasimama. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema uongo kwa haki yangu ya utani, naye akanijibu kwa haki yake. Hakuna nguruwe."

Nikashusha pumzi. Abdulrazaki akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu Fikirini," alisema, "huko misibani mtani ndiye anayesema yale ambayo ndugu wanayaficha. Tumezika watu wangapi hapa, na mtani akasema ukweli, sisi tukacheka? Sasa mimi nitajuaje kama na wewe hukusema ukweli?"

Watu wakaguna kukubali. Fikirini akakaa. Utani wake mwenyewe ulikuwa umemkaba koo.

"Shemeji," Abdulrazaki akanigeukia, "sina ugomvi na wewe. Lakini nimeswali nikiwa na mafuta yako mdomoni. Shehe ameswali nayo. Niambie, kinachogandisha ni nini?"

"Nta ya mimea, Baba Ashiru."

"Mimea gani?"

Na hapo, ndugu zangu, msaada ulifika, na msaada wenyewe ulikuwa mbaya kuliko mashitaka.

Akina mama wa kanisa waliingia uwanjani, mbele yao Theodora, mwenyekiti wao. Theodora ni mwanamke anayejua idadi ya vitambaa vya altareni kuliko anavyojua idadi ya wajukuu zake.

"Hodi! Shikamooni wazee. Tumesikia mwenzetu anasingiziwa. Hatukuja kugombana, tumekuja kusimama naye." Akanishika bega. "Mama Pendo, wapikie waone! Jumamosi asubuhi, hapa hapa uwanjani, mbele ya Waislamu na Wakristo. Mimi mwenyewe nitaleta masufuria na mkaa, ili asitokee mtu wa kusema umeficha kitu."

"Hilo ni neno," akasema Abdulrazaki, na uso wake ukakunjuka. "Shemeji, unasemaje?"

Ningesema nini? Wenzangu walikuwa wanapiga vigelegele. Nikasema ndiyo.

Jamani, niwaeleze vizuri nilivyobanwa. Nguruwe hayupo, na ningeweza kuapa kwa hilo mbele ya yeyote. Lakini siwezi kufungua sufuria kuonyesha kwamba nguruwe hayupo bila kuonyesha kilichomo. Waislamu wangejua nimewapaka masalia ya kanisani. Kanisa lingejua nimeiba vitu vilivyobarikiwa nikavitia kwenye vikopo. Kila mlango nilioutazama ulikuwa na mtu amesimama nje akinisubiri.

Alhamisi nikaamua. Nitamwambia Ziada. Mimi na yeye tulichezwa unyago mwaka mmoja, tumezaa mwaka mmoja. Akinitukana, anitukane. Nilimkuta anapepeta ufuta kwenye ungo, vumbi limemjaa kope.

"Mama Ashiru, acha ungo kidogo. Nina neno."

"Na mimi ninalo," alisema. "Anza kunisikiliza mimi, maana la kwangu limekwisha, la kwako bado."

Akaweka ungo chini. Akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Jana watu walipoondoka, Baba Ashiru hakula. Akasema moyo wake haujatulia. Akasema, Mama Ashiru, kama wewe ulijua kuna haramu ukanipa, mimi narudi kwetu Nanyamba, hapa kwenu sitakaa tena. Nikamwambia lete Msahafu."

"Ziada."

"Nikatawadha. Nikaushika. Nikaapa kwamba nimeona kwa macho yangu kila kitu kinachoingia sufuriani, na ni mimea mitupu."

Nikakaa juu ya gunia la ufuta.

"Lakini hukuona," nilisema. "Nilikuwa nafunga mlango."

"Nimekuona wewe miaka thelathini." Akacheka, akanipiga begani. "Hiyo si sawa na kuona sufuria? Akala. Alikula mpaka ukoko. Haya, sema na wewe neno lako."

Ningemwambia sasa, ningemwambia nini? Kwamba ameshika kitabu cha Mungu kwa ajili ya uongo wangu? Kwamba mume ambaye amerudi kula ataondoka leo hii? Siku ile mshumaa haukuwa tena wizi wangu peke yangu. Ulikuwa umekuwa kiapo cha Ziada.

"Nilitaka kukuazima ungo," nikasema.

Akanipa. Nilibeba ule ungo mpaka nyumbani nikilia, na watu walionipita njiani walidhani nalia kwa sababu ya nguruwe.

Akili ya mtu aliyebanwa huamka yenyewe. Nikakumbuka kuwa mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Na asubuhi za Julai huku juu, unatoka nje na blanketi. Nikampigia Fikirini.

"Mtani, kesho niletee lita ya mafuta ya nazi."

"Ya nazi? Si yale yanayoyeyukia mfukoni?"

"Leta, usiniulize."

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu hujaniambia?"

Nikakata simu.

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, uwanja ulikuwa umejaa. Waliokuja kunihukumu walikaa kushoto, waliokuja kunitetea kulia, na wote walikuwa wamejitanda kwa baridi. Theodora aliikagua mikono yangu mbele ya watu, mpaka kwenye mikunjo ya kitenge.

"Msafi!" akatangaza.

Nikabandika sufuria kubwa yenye maji. Maji yalipoanza kuchemka nikatumbukiza sufuria ndogo ndani yake, isiguse moto. Nikamimina ufuta, kila mtu akanusa kwanza. Nikamimina nyonyo kidogo. Nikamimina nazi, nyingi. Nikatia majani ya mchaichai, nikakoroga kwa mwiko mpya wa Theodora.

Ziada alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, kama kawaida yake, anapanga vikopo. Akainama sikioni kwangu.

"Na ile nta ya Dar?"

"Leo haihitajiki."

"Mbona siku zote ilihitajika?"

Nilihisi anavyonitazama shavuni, na sikugeuka.

Tukachuja kwa kitambaa, tukamimina kwenye vikopo, tukaviweka kwenye beseni la maji yaliyolala nje. Tukangoja. Upepo wa kipupwe ukapuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliushukuru. Taratibu mafuta yakaanza kuwa meupe pembeni. Kisha katikati. Shehe mwenyewe akachukua kikopo, akakibonyeza kwa kidole.

"Yameganda," akasema.

Nnungu wangu! Mungu wangu! Uwanja ulilipuka. Vigelegele kulia, takbiri kushoto. Fikirini alipata ulimi wake tena, akapiga kelele: "Wamakonde mmepona leo, lakini bado mnanuka!" Yasinta alinikumbatia. Abdulrazaki akaja mbele yangu, mtu mzima yule, macho yamelowa.

"Shemeji, unisamehe. Shetani alinipitia. Na wewe Mama Ashiru unisamehe, nilikuapisha bure."

Ningepewa dakika tano tu za kuondoka pale! Ningekunja kitenge changu, ningekwenda zangu, na hadithi hii ingeishia leo. Lakini Abdulrazaki ni mtu wa haki. Mtu wa haki akishakukosea hapoi mpaka akulipe mbele ya watu.

Akatia mkono mfukoni. Akatoa kopo.

Nililijua kabla hajalifungua. Ni lile la kwanza, la siku niliyopika kwa haraka nikihofia mtu atagonga mlango, na sikuchuja.

"Jamani, msiondoke," akasema. "Hili nimelitumia tangu mwaka jana. Nataka kila mtu aone kwamba la zamani na la leo ni kitu kimoja, mtu asije akasema leo shemeji amebadilisha." Akaliweka juu ya kinu kilichopinduliwa, kando ya kopo jipya, yote mawili wazi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho, na lilikuwa linaangukia pale pale kinuni.

"Tuyaweke ndani," nikasema. "Jua litayaharibu."

"Ya kwako haliwezi kuyaharibu," Theodora akasema kwa majivuno. "Ya Mama Pendo yanafika Masasi yakiwa mazima."

Tukatazama. Kopo jipya likaanza kung'aa juu. Likatoa jasho. Katikati pakabonyea, na muda si mrefu lilikuwa mafuta matupu, unaona mpaka chini. La Abdulrazaki lilikaa vile vile, gumu, jeupe, halijali jua wala mtu.

Watu wakasogea kinuni, wa kushoto na wa kulia.

"Mbona?" Abdulrazaki akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa sababu hakuelewa.

Ziada akanyanyuka. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akachukua lile kopo gumu, akachimba kwa ukucha mpaka chini. Ukucha wake ukakwama. Akavuta.

Kikatoka kipande cha uzi, kifupi kama kidole cha mtoto, kimesukwa, ncha yake nyeusi imeungua.

Nilimwona anapoelewa. Ziada hajawahi kuingia kanisani kwetu, lakini umeme wetu hukatika kama wa kila mtu, na utambi wa mshumaa hauna dini. Aliutazama uzi. Akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kwa muda mfupi namna ile. Kisha akafunga ngumi.

"Ni uzi wa kitambaa changu cha kuchujia," alisema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Kilichanika siku ile. Mimi ndiye niliyechuja."

Yaani alikuwa ameapa bila kujua, na sasa alikuwa anadanganya akijua. Kwa ajili yangu. Mbele ya mumewe, mbele ya shehe, kwa mkono ule ule ulioshika Msahafu.

Abdulrazaki alishusha mabega. Alitaka kuamini, nilimwona anavyotaka.

Lakini Theodora alikuwa amesogea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu kitu kichwani. Theodora ndiye anayepunguza tambi za mishumaa ya altareni kila Jumapili kwa mkasi wake, na debe la masalia ndiye anayelipeleka parokiani.

"Mama Ashiru," akasema taratibu, mkono ameunyosha, kiganja juu. "Hebu nipe huo uzi niuone."

Ziada hakufungua ngumi. Vidole vyake vilikuwa vimebana mpaka vimebadilika rangi.

"Nimesema ni wangu."

"Basi kama ni wako, nipe tu."

Kiganja cha Theodora kilikuwa wazi. Ngumi ya Ziada ilikuwa imefungwa. Na Ziada, bado hajamtazama Theodora wala mumewe, akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuzae, hakuniita Mama Pendo.

"Severina," alisema. "Niufungue?"